Gari Linalodumu Kuliko Mipango Yangu

"Hili, kaka, utamrithisha mwanao."

Muuzaji alisema hivyo huku akiusukuma mlango wa Land Cruiser kwa kiganja. Ukafunga kwa kishindo kizito, kimoja, kisha kimya. Akapiga hatua mbili, akaufunga na mlango wa RAV4 niliyokuwa nimeifuata pale, ili nisikie mwenyewe. Ule ulitoa kisauti chepesi tu. Hakuongeza neno, akanitazama.

Bei ya lile la kwanza ilikuwa karibu mara mbili ya hili la pili.

Sikuwa nimekwenda kutafuta urithi. Nilitaka gari la kwenda kazini na kurudi, kupeleka watoto shule, kubeba mizigo ya mwisho wa wiki, na mara mojamoja kushika njia mbovu ya vumbi. RAV4 ilinitosha kabla sijaingia pale, na ilinitosha nilipotoka. Lakini kauli ile imenikaa kichwani wiki kadhaa sasa. Ukishaonyeshwa gari lisilokufa, gari la kawaida linaanza kuonekana lina homa hata kabla hujaliwasha.

Basi nikaanza kuchimba.

## Sifa zina chanzo

Nilitegemea kukuta kwamba sifa za Land Cruiser ni maneno ya madalali. Sivyo.

Zile za mfululizo wa 70, za kazi, zilianza kutengenezwa mwaka 1984 na mpaka leo zinatoka kiwandani. Injini yake ya dizeli iliyojenga jina, 1HZ, ina lita 4.2 na silinda sita. Haina tabo, ile feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Pampu yake ya mafuta ni ya kimakanika. Nguvu inayotoa ni kama farasi 130 tu, kiasi ambacho injini ndogo ya siku hizi ya lita 1.5 yenye tabo hukizidi bila shida. Na siri iko hapohapo: chuma kingi kinafanya kazi ndogo. Haikamuliwi, kwa hiyo haichoki. Chini yake kuna chasisi nzito inayobeba bodi, ekseli za kazi, na vipuri ambavyo fundi anavifahamu kwa kuvigusa tu.

Ndiyo maana mashirika ya misaada na migodi huyanunua kwa wingi. Kwao hesabu ni nyepesi. Gari likikwama, chanjo hazifiki zahanati, au zamu ya wachimbaji inakaa bure kutwa nzima. Ukiweka hasara hiyo kwenye mizani, bei ya gari inakuwa kitu kidogo.

Langu likilala, nachelewa kazini.

Nilipofika hapo nilijiona nimemaliza. Magari haya yametengenezwa kwa ajili ya watu ambao kuharibikiwa kwao kunagharimu kuliko gari lenyewe. Mimi si mmoja wao. Kwisha.

Lakini haikwisha, kwa sababu moyo ulikuwa bado unautaka ule mlango.

## Jina lilelile, mashine nyingine

Gari nililoonyeshwa halikuwa 70. Lilikuwa 300, ambalo lilizinduliwa mwaka 2021: injini ya V6, tabo mbili, giaboksi yenye gia kumi, sensa na kompyuta kila kona. Ni gari zuri, sibishi. Nililiendesha kidogo na nikaelewa kwa nini watu hulipa. Ila 1HZ ilipata heshima yake kwa kutokuwa na hata kimoja kati ya vitu hivyo.

Nikaendelea kusoma. Januari 2024 Toyota ilisimamisha kwa muda usafirishaji wa magari yenye injini kadhaa za dizeli, Land Cruiser 300 na Hilux zikiwemo, baada ya kubainika kasoro katika namna nguvu za injini hizo zilivyopimwa kwa ajili ya vyeti. Mei mwaka huohuo, huko Marekani, ikayaita yarudishwe magari takriban 102,000 ya Tundra (pikapu yake kubwa) na Lexus LX kwa sababu mabaki ya chuma kutoka kiwandani yangeweza kuwa yamebaki ndani ya injini na kuiua. Injini hiyo, V6 ya petroli ya lita 3.5, ni ya ukoo mmoja na ile ya Land Cruiser 300 ya petroli. Na Australia, mwaka 2022, mahakama ya shirikisho iliamua kwamba Hilux, Fortuner na Prado za dizeli zaidi ya 260,000 ziliuzwa zikiwa na mfumo mbovu wa kuchuja moshi.

Sisemi kwamba 300 ni bovu. Kila kampuni ina orodha yake, na nyingine zina orodha ndefu zaidi. Nasema hivi kwa sababu ile bei ya ziada imesimama juu ya dai kwamba hili haliguswi na yanayowapata wengine. Naombwa nilipe leo kwa jina lililojengwa na gari jingine.

Tena hakuna 300 hata moja iliyokwisha kutimiza miaka 20 barabarani. Haiwezekani; haijaishi kiasi hicho. Anayekuahidi itafika anabashiri, hata kama anabashiri vizuri.

## Kilomita 451,000

Rafiki yangu mmoja, mtetezi mkubwa wa magari haya, alinitumia matokeo ya iSeeCars ya mwaka 2022. Ni tovuti ya Marekani inayochambua matangazo ya magari yaliyotumika. Sequoia, gari kubwa jingine la Toyota, ilikuwa ya kwanza kwa uwezo wa kudumu, na Land Cruiser ya pili, kwa maili 280,236. Hizo ni kama kilomita 451,000.

"Bishana na namba," akaandika.

Sikubishana na namba, nilisoma zilivyopatikana. Kilomita hizo ni kiwango kilichofikiwa na asilimia moja tu ya juu kabisa ya magari ya aina hiyo. Yaani unatazama wazee wa miaka mia wa kijiji, si umri wa wanakijiji wote. Na bado kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi: anayenunua gari la bei hiyo ni mtu wa namna gani? Aghalabu ni mwenye uwezo wa kumwaga oili kwa wakati, kuweka vipuri halisi, na kutengeneza giaboksi badala ya kuliuza gari kwa hasira. Gari la bei ya chini likihitaji giaboksi likiwa na miaka 12, mwenyewe anapiga hesabu, anaona matengenezo yanakaribia thamani ya gari, analitelekeza. Chuma kinaweza kuwa na uzima uleule. Aliyekata tamaa ni mwenye mfuko.

Kwa hiyo sehemu ya maisha marefu ya Land Cruiser inatokana na chuma chake, na sehemu nyingine inatokana na kwamba watu hawakubali life. Ziko sehemu kiasi gani za hiki na kiasi gani za kile? Takwimu ile haiwezi kutenganisha.

## Hesabu ya usiku

Nilichukua daftari. Ili nisibabaike na bei zinazopanda na kushuka, nikasema gari la kawaida ni 100, na la kudumu ni 180. Baada ya miaka kumi, la kawaida nikaliwekea thamani ya 30, na la kudumu 90. Hayo ni makadirio yangu, na nililipendelea kusudi hilo la kudumu, maana halishuki thamani ovyo.

Ukiishia hapo, la kawaida limekula 70 na la kudumu limekula 90. Tofauti ya 20 kwa miaka kumi! Hapo ndipo wauzaji hukomea, na ukikomea nao utasaini.

Lakini ile 80 ya ziada haikuwa hewa. Kama ingewekwa mahali ikazaa asilimia 7 kwa mwaka, baada ya miaka kumi ingekuwa karibu 157. Ukiongeza 30 ya gari la kawaida, aliyechagua la bei nafuu ana 187. Mwenzake ana gari la 90. Tofauti ni 97, karibu bei ya gari zima jipya la kawaida. Hapo bado sijagusa bima, ambayo mara nyingi hufuata thamani ya gari, wala matairi, wala mafuta.

Nikalala nimeshinda. Asubuhi nikaona nimejidanganya kidogo, maana asilimia 7 haijatoa mfumuko wa bei. Nikarudia kwa asilimia 3, na safari hii nikanyoosha mpaka miaka 20, ambapo wa gari la kawaida analazimika kubadilisha gari katikati na mwenye la kudumu anabaki nalo, sasa likiwa na thamani ya 50. Ile 97 ikayeyuka. Ilibaki tofauti ya 30 hivi. Ongeza matengenezo ya magari mawili ya kawaida katika njia mbaya, ongeza siku za gereji, na ile 30 inaweza kuisha kabisa.

Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pengine popote. Gari ni lilelile, barabara ileile. Kilichogeuza jibu ni vitu viwili: riba gani unaamini utaipata, na je, kweli utakaa nalo miaka 20?

Swali la pili lilinichoma. Sijawahi kukaa na gari hata nusu ya muda huo. Familia huongezeka, kazi huhama, mgongo nao huanza kudai kiti kingine.

Na hapa nikaelewa kitu ambacho muuzaji hakukisema. Uimara hulipwa na mmiliki wa kwanza na huliwa na wa tatu. Wa kwanza anaendesha ile miaka ambayo gari lolote lile, hata la kawaida, lingekuwa zima. Anayefika mahali ambapo ekseli nzito na injini tulivu zinaanza kulipa ni yule aliyelinunua likiwa na miaka 12. Ni kweli kwamba bei nzuri ya kuuzia humrudishia wa kwanza sehemu ya alicholipa. Haimrudishii miaka ambayo pesa yake ilikaa imefungwa ndani ya bati.

Mafuta nitayataja kwa haraka kwa sababu hayana ubishi. Kwa vipimo vya shirika la mazingira la Marekani, Land Cruiser 200 ya V8 ilikunywa karibu lita 17 kwa kilomita 100. Land Cruiser 250 mpya ya haibridi, yaani yenye injini ya mafuta ikisaidiwa na mota ya umeme na betri, inakunywa karibu 10. RAV4 ya haibridi, karibu 6. Kwa kilomita 15,000 kwa mwaka, tofauti kati ya hizo mbili za haibridi ni lita 600 hivi kila mwaka. Weka bei ya lita unapoishi.

## Pesa isiyokaa

Sasa nije kwenye shaka iliyonisumbua kuliko hesabu yenyewe.

Ile 80 ingekaa kweli?

Hesabu yangu yote inadhani kwamba mtu akinunua gari la 100, anaichukua ile 80 anaifungia mahali na kusahau. Nani hufanya hivyo? Pesa isiyo na jina hupata jina haraka. Ndugu anaumwa, paa linavuja, simu inapasuka, kuna harusi. Baada ya miaka mitatu ile 80 imekwenda, na huwezi hata kueleza ilikwenda wapi. Mwenye Land Cruiser naye amepoteza, lakini ana kitu cha tani mbili na nusu nje ya nyumba anachoweza kukiuza kesho asubuhi.

Nilijaribu kulitetea gari ghali kwa hoja hiyo, na kwa siku kadhaa iliniridhisha. Ni akiba ya lazima, nikajiambia. Akiba mbovu, inayopungua, inayokunywa mafuta, inayotamaniwa na wezi. (Hili la wezi si utani. Magari haya ni windo lao la siku nyingi, na siku hizi wapo wanaopita kwenye nyaya za taa ya mbele na kuihadaa kompyuta ya gari iamini kwamba ufunguo upo.) Lakini akiba mbovu inaizidi akiba ambayo haipo.

Kilichonitoa hapo ni mke wangu, kwa swali moja: "Kama tatizo ni kwamba huwezi kuweka pesa, gari linaingiaje?"

## Uvunguni

Kama uimara huliwa na mmiliki wa tatu, kwa nini nisiwe huyo wa tatu? Wazo hili lilinipa raha kubwa. Nikatafuta, nikapata Land Cruiser 100 la mwaka 2005, bei yake chini hata ya ile RAV4. Nikaenda na fundi.

Hakufungua boneti kwanza. Alilala chali, akaingia uvunguni na nyundo ndogo, akaanza kugonga chasisi kutoka mbele kurudi nyuma. Ngo, ngo, ngo. Alipopita ekseli ya nyuma, mlio ukafifia, ukawa kama wa kugonga ubao uliolowa. Akagonga tena palepale. Vipande vya rangi nyeusi mbichi vikamwangukia kifuani, na chini ya rangi kulikuwa na kutu iliyopangana matabaka kama kurasa. Mtu alikuwa amepaka rangi juu ya uozo, tena si zamani.

Akatoka, akajipangusa, akaenda upande wa dereva. Mita ilisoma kilomita 168,000. Akanionyesha raba ya pedali ya breki: upande wa kulia umelika mpaka chuma kinang'aa. Akanionyesha ukingo wa kiti, sponji iko nje. Akausukuma usukani kushoto na kulia kwa vidole viwili na kutikisa kichwa.

"Kilomita hizi si zake," alisema. "Mita imerudishwa."

"Lakini si ndiyo haya yanayosemwa hayafi, fundi?"

"Hili halijachoka, bosi. Limechoshwa."

Alinieleza njiani kwamba hilo ndilo tatizo la magari yenye sifa. Gari la kawaida lisipotunzwa hulala mapema, kila mtu akajua limekufa. Lenye sifa hustahimili kupuuzwa miaka na miaka, likaendelea kutembea huku uharibifu ukijikusanya ndani, na bei yake ikabaki juu kwa sababu ya jina. Mmiliki wa tatu anaweza kula uimara wa wa kwanza. Anaweza pia kukuta wa pili amekwisha kuula wote.

Yapo yaliyotunzwa, najua. Wenye nayo hawauzi, au wakiuza bei inarudi kulekule tulikokimbia.

Kuna jambo jingine kuhusu magari ya umri huo ambalo wapenzi wake hulipita haraka. Gari linalodumu miaka 25 linadumu pamoja na usalama wa miaka 25 iliyopita. Mfumo unaozuia gari lisiteleze na kuzunguka ulikuja kuwa wa lazima kwa magari mapya madogo yote Marekani kuanzia yale ya mwaka 2012. Breki zinazojikamata zenyewe mbele ya mtembea kwa miguu ni za juzijuzi. Uzito hukulinda wewe. Anayekatiza barabara mbele yako anahitaji kitu kingine.

## Na heshima je?

Nitakuwa msema kweli. Nikiondoa hesabu zote, kuna kitu kilibaki. Ukiwa ndani ya gari lile watu wanakupisha. Unakaa juu, unaona mbali, na mwenye gari dogo anasita kukuchomekea. Nilipenda. Sioni aibu kusema kwamba sehemu ya bei ni hiyo, na mtu mwenye uwezo akiilipia kwa macho mawili, akijua anachonunua, sina neno naye.

Nisichoweza ni kuiandika kwenye daftari chini ya "matengenezo niliyookoa".

## Nilichoamua

Nimechukua RAV4 ya haibridi. Haina kinga ya malaika nayo: zile za miaka ya kwanza kuanzia 2019 zina waya mkubwa wa umeme unaokwenda kwenye mota ya nyuma, na viungio vyake huliwa na kutu, hasa kwenye nchi zinazomwaga chumvi barabarani wakati wa baridi. Nilichagua la baada ya hapo, na fundi aliingia uvunguni kama kawaida yake.

Ile 80 haikubaki mikononi mwangu. Tulifungua akaunti ambayo haitoi pesa bila saini mbili, yangu na ya mke wangu, na kila mwisho wa mwezi inaingia pia thamani ya mafuta ambayo Land Cruiser ingekunywa. Ndiyo itakayolipa betri siku ikichoka. Kwa zile safari za njia mbovu nitakodi gari kubwa. Nimeuliza bei, na kodi ya safari za mwaka mzima haifikii hata tofauti ya bima.

Binamu yangu naye aliniuliza wiki iliyopita, akiwa kwenye swali lilelile. Yeye anaishi mahali ambapo gereji ya karibu ni mwendo wa nusu siku na mvua hukata barabara. Nilimwambia anunue Land Cruiser bila kunipigia tena simu, aachane na 300, atafute 70 yenye chasisi safi, na aende na mtu mwenye nyundo.